Mguu Usifunikwe

Wodi ya watoto, 3 Juni

Baba yake Babu,

Salamu nyingi. Tumefika, tumelazwa, na tumepewa kitanda cha dirishani. Mama yako anasema amekipata kwa ukali wake. Nesi anasema kilikuwa wazi tangu asubuhi. Tuyaache.

Najua huko kwenye kambi ya mradi wa maji simu haishiki, kwa hiyo nimempa barua hii dereva wa lori la saruji, yule mnayemwita Taratibu. Ameniahidi itakufikia wiki hii. Nilipomkazia macho akasema wiki hii au ijayo.

Mwanao ukimtazama hajambo. Nesi alipouliza jina nikamwambia ana jina la marehemu baba mkwe, mimi silitamki, nyumbani tunamwita Babu. Akacheka, akaandika Babu. Mama naye akadakia kwamba mtoto ni mume wake, na mimi ni mke mwenza tu niliyekuja na maziwa. Wodi nzima sasa inajua mambo ya ndoa yetu.

Basi, daktari wa moyo amempima kwa mashine ya picha. Anasema moyo una milango, na ule wa kutolea damu kwenda mwilini huyu kazaliwa nao mwembamba. Ndiyo maana akinyonya kidogo tu anaacha, jasho linamtoka, anahema. Wanataka kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkunjo wa paja, uende mpaka moyoni. Kwenye ncha yake kuna kiputo. Kikifika mlangoni wanakijaza, mlango unapanuka, wanakitoa. Hakuna kupasua kifua. Ni jambo dogo, wanalifanya mara kwa mara.

Wanataka saini ya mzazi. Yangu inatosha, lakini nataka neno lako kwanza.

Wako,
Mama yake Babu


Kambini, 6 Juni

Mama yake Babu,

Barua nimeipata, ina doa la chai la Taratibu.

Niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili jasho likanitoka mimi. Mwandiko umepangika, mistari imenyooka, na mimi nimekuoa, nakujua. Ukiandika vizuri namna hiyo kuna kitu umekikalia.

Sasa nisikilize, maana mabomba ndiyo kazi inayonilisha. Waya ukipita kwenye bomba pana hauna neno. Ukiupitisha kwenye bomba jembamba, unakwaruza ukuta. Ukiulazimisha kwenye kona, unatoboa. Na bomba likishakwaruzwa, uchafu unashika palepale, siku mbili tatu maji hayapiti. Mtoto wa miezi minne, mshipa wake una upana gani? Nani anausukuma huo mrija, daktari mwenyewe au anayejifunza? Anaona anakokwenda au anapapasa? Na wakitoboa moyo, wanaziba na nini?

Muulize yote hayo, kuuliza si ujinga. Usisaini mpaka nipate majibu.

Mwambie mama aache kugombana na manesi. Wao ndio wenye sindano.

Baba yake Babu


Wodi ya watoto, 9 Juni

Baba yake Babu,

Umenishika. Nilikuwa nimekikalia kitu, na kitu chenyewe ni woga. Nilidhani nikikiandika kitakuwa kweli.

Barua yako nilimpa daktari aisome mwenyewe. Ni mama mfupi, anatembea na viatu vya mpira, na hapendi kusimama. Safari hii alikaa. Akasema, "Mumeo ni fundi mzuri, nisingependa anichungulie begani nikiwa kazini." Halafu akanieleza. Naandika kama alivyosema, sipambi.

Mrija anausukuma yeye. Anauona kwenye picha ya mashine tangu unapoingia. Lakini mshipa si bomba. Bomba ukiligusa linatulia, mshipa wa mtoto ukiguswa unajikunja na kujibana wenyewe. Kwa mtu mzima kazi hii ina hatari, kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kila kitu ni chembamba. Moyo unaweza kuguswa ukapoteza mpigo wake, wakalazimika kuurudisha. Anaweza kutoka damu nyingi, na yeye damu yake yote haijazi chupa ya soda ya nusu lita. Ukuta wa moyo unaweza kutobolewa. Si kawaida, lakini imetokea mikononi mwa watu wazuri. Mlango unaweza kupanuka kupita kiasi ukawa unavuja. Dawa ya usingizi nayo ina yake. Na mshipa wa paja unaweza kuziba damu ikaganda, mguu ukakosa damu. Hapo alisema wewe umesema kweli. Kwa wachanga hilo ndilo wanalolikuta zaidi, na ndilo wanalolichunga sana baada ya kazi.

Nikamuuliza, wapo wanaokufa? Akasema wapo, wachache. Hakukwepesha macho.

Nikamuuliza, tukingoja akue, mishipa ipanuke? Akasema mishipa ingengoja, moyo hautangoja.

Wamempangia Ijumaa. Mume wangu, sitaki uniandikie "fanya unavyoona". Mimi nimeshaona na bado naogopa. Nataka useme ndiyo.

Mama yake Babu


Kambini, 12 Juni

Mama Babu,

Usisaini.

Nimeisoma barua yako nikiwa ndani ya handaki, nimekaa juu ya bomba ambalo mtu mzima anapita kwa kuinama, na nikafikiria mshipa wa yule mtoto. Sijaweza kula. Daktari wako mwenyewe amekubali kwamba mshipa unaziba. Amekubali moyo unatoboka. Fundi akiniambia hivyo kuhusu tangi la mtu, namwambia weka chini vifaa vyako.

Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Tunapima presha ya bomba kuu, na bila mimi hakuna wa kufunga zile koki, injinia amekataa kabisa nisiondoke. Likishika bila kuvuja nakuja, nazungumza na huyo daktari ana kwa ana, tunaamua wote. Amekaa na moyo huo miezi minne, atakaa nao wiki mbili zingine.

Najua nimekuwa mkali. Usinichukulie vibaya. Ni mtoto mmoja tu tuliye naye.

Baba yake Babu


Wodi ya watoto, 13 Juni

Baba yake Babu,

Jibu lako bado sijalipata. Nimengoja mpaka sikuweza kungoja.

Juzi tulikuwa tunamwogesha, Babu akabadilika rangi mikononi mwangu, akawa kama majivu. Pumzi zikawa fupi, kichwa kikalegea. Mama aliita watu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Wakampa oksijeni, akarudi. Daktari akaja na viatu vyake vya mpira akaniambia Ijumaa ni mbali, kesho asubuhi. Akaniwekea kalamu mkononi. Nilipiga moyo konde nikasaini.

Jana wamefanya. Walimchukua akiwa amelala, kama mzigo mdogo wa nguo kwenye kitanda kikubwa. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi la nje. Daktari alipotoka, kabla hajafungua mdomo alivua kofia, nikaona anatabasamu.

Mlango umefunguka. Siyo wote, lakini wa kutosha. Leo amenyonya ziwa la kwanza akalimaliza, akadai la pili. Sikumbuki kama amewahi kudai. Kanishika kidole, akanyonya huku ananitazama kama mtu anayekagua hesabu.

Yuko salama. Mama anakusalimu, amechoka kidogo. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi. Usiwe na wasiwasi.

Wako,
Mama yake Babu


Kambini, 16 Juni

Mama Babu,

Nimesoma "mlango umefunguka" nikaketi palepale kwenye mchanga. Wenzangu walidhani nimepata msiba, wakaja kunishika. Ilibidi niwaambie ni furaha.

Kuna barua yangu iko njiani, ya tarehe kumi na mbili. Taratibu alikuwa ameshaondoka nayo dereva mwingine aliponiletea hii yako. Ukiipata usiifungue. Au ifungue, maana nakujua utaifungua, lakini ujue aliyeiandika alikuwa hajui anachokisema.

Nina swali moja. Ulinihesabia hatari zote, na mguu ulisema ndio unaochungwa sana. Kwenye barua hii umetaja moyo, umetaja maziwa, umetaja mpaka kofia ya daktari. Mguu hujautaja. Na mwandiko umerudi kuwa mzuri.

Mguu ukoje?

Baba yake Babu


Wodi ya watoto, 17 Juni

Kwa mwanangu,

Mimi mama yako ndiye ninayeandika, kwa mkono wangu, miwani ya kuazima, kwa hiyo vumilia. Mkeo yuko nje anaanika nguo. Hajui kama naandika.

Mkeo hajakwambia yote, na hajakwambia kwa sababu yangu. Anataka kunisitiri kwako. Mimi sitaki kusitiriwa na mtoto niliyemlipia mahari. Mficha maradhi kilio humfichua.

Walipomrudisha mume wangu kutoka kule kwenye mrija, nesi alitupa masharti. Mguu unyooke, usikunjwe. Mguu usifunikwe, miguu yote miwili ibaki wazi, waione rangi na waipime joto kwa mkono. Alisema mara mbili, na mimi niliitikia mara mbili. Kila baada ya muda mfupi alikuja akagusa nyayo, akaenda.

Halafu mtoto wa kitanda cha jirani akazidiwa, manesi wote wakahamia kule. Mkeo alikuwa amesinzia kwenye kiti, siku nzima hajala. Mimi nikabaki namtazama mume wangu. Chumba kile kina baridi ya mashine, na yeye yuko uchi kuanzia kiunoni. Nikamgusa, unyayo wa kushoto una baridi. Mwanangu, nimelea watoto sita. Mtoto akiwa na baridi unafanya nini? Nilitoa zile soksi za sufu nilizomfumia, nikamvika, nikamvuta blanketi. Nikajisemea masharti ni ya nesi, baridi ni ya mtoto.

Baridi ile haikuwa ya chumba. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa, haishuki mguuni. Mimi niliipata ile dalili kabla ya nesi, kwa kiganja changu hiki, nikaifunika na soksi.

Nesi aliporudi akavua blanketi akasimama. Mguu ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyelowekwa. Aligusa juu ya unyayo akitafuta mpigo, hakuupata. Walikuja wengi. Wakamwekea dripu ya dawa ya kuzuia damu isigande, na hiyo dawa nayo ina hatari, kwa sababu kidonda cha pajani ni kibichi na kinaweza kufunguka kikatoka damu. Daktari akaniambia soksi haikuziba mshipa, ungeziba tu, ila wangeanza dawa mapema. Aliniambia kwa upole. Afadhali angenitukana.

Sasa mguu umeanza kurudi rangi. Hawajui kama utakua sawa na mwenzake. Wanasema unaweza ukabaki nyuma kidogo.

Mkeo hajanisema hata neno moja. Ananiletea chai. Mimi simgusi tena mtoto, anambeba yeye peke yake na mgongo unamuuma. Nimefunga mfuko wangu, lori likija nirudi nyumbani.

Kama una hasira ziandike kwa jina langu, usiziandike kwa jina lake.

Mama yako, mke wa mgonjwa


Wodi ya watoto, 20 Juni

Baba yake Babu,

Juzi Taratibu alileta barua zako mbili siku moja. Aliona aibu akasema aliziweka pamoja zisihisi upweke.

Niliifungua ile uliyosema nisiifungue. Niliisoma pale bafuni wanapofulia. "Usisaini." Iliniuma, nakwambia wazi. Siyo kwa sababu ulikataa. Iliniuma kwa sababu wakati ule mguu ulikuwa bado baridi, na nikajiona nimesimama peke yangu na kalamu, na wewe huko mbali una haki. Nikawaza, akipona tutakuwa tumeamua wote, akilemaa nitakuwa nimesaini mimi. Nilikaa na wazo hilo mpaka maji ya ndoo yakapoa. Na najua si wewe uliyelisema, ni mimi.

Umeuliza mguu ukoje. Mama ameniambia amekuandikia, kwa hiyo unajua ulivyoanza. Sikukuficha ili nikudanganye. Nilitaka kwanza nijue mwisho wake, na nilitaka usimwandikie mama ukiwa na hasira, kwa sababu barua hazifutiki. Ningefanya alivyofanya yeye. Ningekuwa macho, ningemvika mimi hizo soksi.

Juzi hiyohiyo jioni walipata mpigo kwa mashine ya kusikilizia, unasikika kama mtu anayesaga unga chumba cha pili. Kwa kidole bado ni hafifu. Vidole vyote vya mguu vina rangi, anavichezesha. Dripu imetolewa, sasa ni sindano ndogo ya chini ya ngozi, asubuhi na jioni, tutaendelea nayo nyumbani. Daktari anasema watakuwa wanapima urefu wa miguu kila akija. Pengine utabaki nyuma kidogo, pengine hautabaki.

Leo nesi alisema haturuhusiwi kwenda nyumbani mpaka watu wawili wa familia wajue kuukagua mguu kwa mkono. Unaweka kiganja cha kulia mguu mmoja, cha kushoto mwingine, unalinganisha. Nikajifunza mimi. Akauliza wa pili nani. Mama akatazama dirishani na mfuko wake miguuni. Nikasema wa pili ni huyu. Mama akasema, "Mkono wangu hauaminiki." Nikamwambia, mama, wodi hii nzima hakuna aliyeijua ile baridi kabla ya mkono wako, sasa kazi iliyobaki ni kusema unapoijua. Hakuja. Nesi akamchukua Babu akamweka mapajani mwa mama bila kumuuliza, akaenda zake kuandika.

Mama alikaa hivyo mikono imening'inia. Babu akaanza kulalamika. Mwishowe akaishika ile miguu, mmoja huku, mmoja huku, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa. Halafu akasema, "Ina joto. Wa kushoto umechelewa kidogo, lakini una joto." Akalia, mama yako, mbele za watu. Mfuko ameufungua.

Kuna jambo la mwisho. Daktari anasema mlango huo hautakaa hivi milele. Mtoto akikua unaweza ukabana tena, na watalazimika kurudi na mrija, safari hiyo kwa mguu wa pili. Hatari zilezile, labda ndogo kidogo kwa kuwa atakuwa mkubwa. Hajui ni lini.

Nikiambiwa nisaini tena nitasaini. Lakini sitaki kusaini peke yangu. Siyo kwamba siwezi, umeona naweza. Sitaki.

Mama yake Babu


Kambini, 24 Juni

Mama yake Babu,

Bomba kuu limeshika. Nimefunga koki ya mwisho leo mchana na nimemwambia injinia naondoka, akitaka asitake. Akasema nenda. Kumbe ningemwambia hivyo tangu mwanzo angesema nenda tangu mwanzo. Sikumwambia kwa nguvu, na sasa nakueleza kwa nini.

Niliogopa. Siyo mrija tu. Niliogopa kuwa pale. Niliogopa wamtoe kwenye kile chumba nami nimesimama kwenye korido, mikono mitupu, sina cha kukaza wala kulegeza. Nikaona ni rahisi kukaa huku nikikuandikia habari za mabomba. Najua mabomba. Ile barua ya "usisaini" niliiandika kama fundi, lakini fundi gani anakagua kazi akiwa mlima wa pili? Nilitaka kazi isifanyike ili nisiwe nimekosekana.

Ulisaini, mtoto anadai ziwa la pili. Mguu ukibaki nyuma, utakuwa mguu wa mtoto aliye hai, na nitamshonesha kiatu. Mtu yeyote akiuliza nani alisaini, mwambie wazazi wake. Wasipokuamini niite.

Mama nimemsamehe nini? Hakuna. Mwambie nimesema mumewe ana bahati.

Barua hii sikumpa Taratibu. Yeye anaendesha, mimi nimekaa pembeni yake, na naimalizia hapa tulipoegesha wanapima mzigo, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Nitakukabidhi mwenyewe, maana kwa mdomo sitaweza kuyasema haya, najijua. Nitakupa ukiwa umekaa kwenye lile benchi la nje, nami nitasimama pembeni. Isome polepole. Ukifika pale nilipoandika kwamba niliogopa, usinitazame, sogea tu kidogo nikae.

Baba yake Babu